Nambari Yangu kwa Simu Yako

Nani anaweza kusema "nakubali" kwa niaba yangu? Mzazi, nikiwa mtoto. Wakili niliyemteua mwenyewe. Daktari, labda, akinikuta nimezirai. Orodha haiendi mbali. Lakini mtu akitafuta mkopo wa simu usiku, programu imuulize kama anairuhusu isome nambari alizosevu, naye abonyeze "Kubali", tayari amekubali kwa niaba ya mamake, landilodi, fundi wa mabomba na mimi.

Najua nimo kwa sababu nilipigiwa. Mwanaume mwenye sauti ya upole kabisa aliniita "Mwandishi wa CV" na kunitaka nimwambie fulani alipe deni lake leo. Kitambulisho changu hakina jina kama hilo. Ni mteja wangu aliyenisevu hivyo, nilipomwandikia CV ya kuombea kazi, na sasa jina hilo lilikuwa kinywani mwa mtu nisiyemjua. Sikukopa. Sikumdhamini mtu. Sikutia sahihi popote.

Tusiseme sheria imelala. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari, iwe wazi, ihusu jambo mahususi, na itoke kwa mwenye data anayeelewa anachokubali. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Mwaka wa 2023 Google ilizizuia programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma nambari hizo. Septemba mwaka huo huo, Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni iliyoendesha KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la aina hii.

Sawa. Kampuni imeshikwa. Je, aliyebonyeza?

Yeye sheria haimgusi, na kwa makusudi. Sheria ya 2019 inamwachilia mtu anayeshughulikia data kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani. Mimi naunga mkono. Ingekuwa nchi gani hii kama ningehitaji kibali cha serikali kumsevu shangazi? Lakini hapo ndipo sheria inapotuachia sisi wenyewe swali: mimi nakudai nini, wewe uliye na nambari yangu?

Jibu la haraka ni kwamba jamaa alikuwa amesota. Sibishani na hilo. Niliacha chuo kwa sababu ya karo, kwa hivyo sihitaji kuelezwa jinsi mtu anavyosoma masharti mtoto akiwa na homa na duka la dawa liko karibu kufungwa. Hasomi. Anatafuta kitufe. Ridhaa ya mtu aliyebanwa hivyo hata kwa mambo yake mwenyewe ina walakini.

Ila kuna vitu viwili tunavichanganya. Shida inapunguza lawama, haiongezi mamlaka. Nyumba yako ikishika moto ukavunja mlango wangu kuchukua maji, siwezi kukuita mwizi. Hata hivyo mlango unabaki wangu, na kesho nategemea kukuona ukija kuniambia ni wewe uliyeuvunja.

Tena tuangalie kilichouzwa pale. Mkopeshaji wa aina hiyo hakuchukua ng'ombe wala logibuku kama dhamana. Alichukua aibu. Na aibu haifanyi kazi bila watazamaji. Ndiyo maana alihitaji nambari zetu. Nilipopigiwa sikusumbuliwa tu. Nilifanywa fimbo ya kumchapia mtu ninayemheshimu. Yeye alipoteza uso mbele yangu, nami nikajua jambo ambalo hakuchagua nilijue. Sote wawili tulitumiwa, na hakuna kati yetu aliyeulizwa sawasawa.

Kwetu kuna neno la kitu kama hiki: amana. Ukimwachia mama mboga mfuko wako uende sokoni mara moja, mfuko haujawa wake. Anaulinda. Hafungui aone kama kuna cha kuuza, hata kama siku hiyo hajauza hata sukuma ya mkumi. Nambari ni mfuko huo. Picha ya mtoto wa rafiki ni mfuko huo. Meseji aliyokuandikia mtu saa nane usiku akilia ni mfuko huo pia. Kuwa ndani ya simu uliyonunua kwa pesa zako hakukufanyi uwe mwenyewe wa kila kilichomo.

Kwa vitendo si mengi. Ingia kwenye mipangilio ya simu uone ni programu gani zimepewa ruhusa ya kusoma nambari za watu, uzime zisizo na haja nayo. Na kama ulishabonyeza, wapigie wale wa karibu kabla hawajapigiwa. Huhitaji kutaja ulikopa ngapi wala ulikuwa na shida gani. Sema tu, "Kuna watu wanaweza kukutafuta, ni kwa sababu yangu." Mtu ataudhika kidogo, lakini atakuwa amelisikia kutoka kwako.