Mwungwana ni Nani?

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo historia yake yatosha kuwa somo. Zamani, katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa wa mtu. Neno hilo lilitaja asili yake tu, wala halikuuliza habari za moyo wake. Siku hizi tukimwita mtu mwungwana, twamsifu kwa adabu yake, kwa kutimiza ahadi na kwa kuwastahi wenziwe. Neno limehama kutoka damu hata tabia. Je, na sisi tumehama pamoja nalo?

Swali hili si la maneno matupu. Hata leo wako wazazi Wakristo wanaomkataa mchumba wa mtoto wao, si kwa sababu ya ulevi wala uvivu, bali kwa kuwa ukoo wake ni mnyonge, au kwa kuwa yanong'onwa ya kwamba babu yake alikuwa mtumwa. Nao hao hao huenda kanisani wakaomba maombezi ya Mtakatifu Josephine Bakhita!

Mtakatifu huyo alizaliwa Darfur, katika nchi ya Sudan, yapata mwaka 1869. Aliibwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa. Jina la Bakhita, maana yake mwenye bahati, alipewa na watekaji wake. Lile la kwao alilisahau kwa hofu. Kwa amri ya bibi aliyemmiliki alichanjwa chale mwilini, zikatiwa chumvi. Mwaka 1889, huko Venice, ilitambuliwa kisheria ya kwamba yu huru. Mwaka 1890 akabatizwa. Baadaye akawa mtawa, akahudumu miaka mingi katika mji wa Schio, jikoni na mlangoni. Aliwasamehe waliomtesa. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Basi, tuseme Bakhita alipata uungwana siku ile ya mwaka 1889? Hasha! Siku ile wanadamu walikiri tu haki ambayo Mwenyezi Mungu alikwisha kumpa. Na wema wake hakuupokea kwa hati yoyote, aliutenda.

Labda mtu atauliza: Je, cheo hakina maana? Kinayo, walakini ni dhamana. Mtakatifu Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Cheo hicho alikitumia kuwakinga vijana na uovu, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Baba aweza kumrithisha mwanawe shamba, nyumba, hata kiti cha utawala. Uaminifu hawezi kumrithisha, ila kumfundisha kwa mfano wake.

Wazazi wapenzi, posa ikija nyumbani, ulizeni kwanza: kijana huyu asema kweli? Afanya kazi? Amheshimu mama yake? Kisha mtazameni yule anayewapikia na kuwafulia. Mwamwita kwa jina lake? Mshahara wake mwamlipa kwa wakati? Bwana wetu Yesu Kristo aliwaosha miguu wanafunzi wake, kazi ya mtumishi, wala utukufu wake haukupungua. Wazee walisema kweli: mwungwana ni vitendo.