Haki ya Kuumaliza Udongo
Je, mwenye shamba ana haki ya kuumaliza udongo wake? Sheria humpa hati. Dini humkabidhi amana. Kitabu cha Mwanzo kinamweka Adamu bustanini ailime na kuitunza, na Kurani inamfanya binadamu khalifa katika ardhi. Khalifa hutumia, lakini hutoa hesabu. Mradi wa karanga wa Tanganyika, ambao serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947, uliisahau hesabu hiyo. Kule Kongwa matrekta yalifyeka vichaka, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu, na ukame ambao Wagogo waliujua vizazi na vizazi ukafika. Mwaka 1951 mradi uliachwa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36.

Yupo atakayesema kwamba bila mbolea ya viwandani mabilioni ya watu wangekosa chakula. Hoja hiyo ni nzito na naikubali: njaa nayo ni dhuluma, na mkulima wa ekari mbili asiyemudu hata mfuko mmoja hastahili kuhubiriwa. Lakini amana haikatazi mbolea. Inakataza kuchukua bila kurudisha. Mbaazi zikipandwa pamoja na mahindi huongeza naitrojeni ardhini, samadi hushikilia maji, matuta huzuia mmomonyoko, na mbolea yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi penye mboji. Kazi hiyo ina gharama, na si haki kumwachia mkulima peke yake, maana mlaji wa mjini naye anaishi kwa udongo uleule.