Punda Naye Apumzike

Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia punda kuchinjwa kwa ajili ya biashara ya ngozi. Ngozi hizo hupelekwa China, huchemshwa na kutengenezwa dawa. Sisi wa Ubaruku tuna sababu ya kushukuru, maana punda hutubebea maji na magunia ya mpunga.

Lakini, wapendwa, je, tumwokoe na kisu ili afe kwa fimbo? Kumbukumbu la Torati 5:14 inamtaja punda miongoni mwa wanaostahili kupumzika siku ya Bwana. Sisi huingia ibadani, yeye hubaki nje, mgongo una vidonda, mzigo haujashushwa. Uamuzi wa Addis Ababa hautaushusha. Tuushushe sisi, kabla ya kengele ya kwanza.