Mwanangu, Subiri Tunda

Umeniuliza, mwanangu, mtu afanye nini akikuta ua ambalo halimo kitabuni. Umeuliza umesimama mlangoni, simu mkononi. Vuta kiti. Jibu langu ni refu kidogo, na nusu yake si habari ya maua.

Nitakusimulia mmea wa mbali, wa pwani za New Zealand. Nimeuchagua kwa sababu ni wa familia unayoila kila siku. Kabichi, sukumawiki, figili, haradali: hao wote ni ndugu. Siku ukiona kabichi imechanua shambani, usiing'oe kwanza. Hesabu petali zake. Ni nne, zimekaa msalaba. Ndani kuna stameni sita, nne ndefu na mbili fupi. Tafuna jani, uonje ule ukali unaopanda puani. Ukishazizoea dalili hizo, familia hii haitakupotea kirahisi popote uendapo. Kwetu ndugu zake wa porini wengi wako milimani, kwenye baridi. Kule New Zealand wapo wanaoishi kwenye miamba ya bahari, wakirushiwa chumvi usiku na mchana.

Mmea ninaokusimulia Wamaori, wenyeji wa kule, wanauita nau. Mwaka 1769 nahodha James Cook alifika huko na meli yake, Endeavour. Safari ndefu namna ile ilikuwa na adui mmoja mkubwa, kiseyeye, ugonjwa wa kukosa mboga na matunda. Fizi huvimba, meno hulegea, mtu hufa. Cook akawatuma watu wake wachume majani hayo pamoja na mboga nyingine za ufukweni, yakachemshwa na supu. Joseph Banks na Daniel Solander, wataalamu wa mimea waliokuwamo melini, wakakausha matawi wakaondoka nayo. Mwaka 1780 jina la kisayansi likachapishwa, Lepidium oleraceum, na watu wengi wakaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, mwanangu. Kwa zaidi ya miaka mia mbili mimea mingi ya pwani zile iliandikiwa jina hilohilo kwa kuwa ilifanana nayo. Mwaka 2013 Peter de Lange na wenzake wanne walitoa andiko la kurasa 147 katika jarida la PhytoKeys. Wakaonyesha kwamba ndani ya kundi hilo moja mlikuwa na spishi kama kumi hivi ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza. Mojawapo, Lepidium amissum, waliieleza kwa mimea mikavu tu, kwa sababu iliyo hai haikuwapo tena. Ilichumwa, ikakaushwa, ikawekwa kabatini ikiwa na lebo yake. Aliyekuja kuitambua alichelewa.

Ndiyo maana nakuambia kabati lina mambo mengi kuliko unavyodhani. Kijana akisikia spishi mpya, anamwona mtu juu ya jabali akipiga kelele za furaha. Hutokea, sikatai. Lakini mara nyingi mgunduzi ni mtu aliyeinama chini ya taa na karatasi mbili za mimea mikavu, akijiuliza kwa nini tunda la hapa si sawa na la pale.

Tunda, mwanangu. Maua ya jamii hii ya Lepidium ni madogo, meupe, na hayakuambii mengi. Chukua tunda uliweke kiganjani. Ni bapa, halizidi punje ya dengu. Ukuta mwembamba unaligawa vyumba viwili, na kila chumba kina mbegu moja. Likikomaa, maganda ya nje huanguka na mbegu zake, ukuta wa kati ukabaki umesimama peke yake kwenye kikonyo. Sasa shika lenzi. Tazama kama ncha ina kipengo au haina. Tazama kama ukingo umekonda ukawa na kijibawa. Kisha rudi kwenye majani uangalie meno ya ukingo, yalivyo makali na yanapoanzia. Kwa vitu vidogo namna hiyo ndugu wawili hutenganishwa. Siku hizi vinasaba husaidia sana, lakini havikuondolei kazi ya kutazama.

Mimi hili la tunda lilinifika kwa aibu. Nilikuwa kijana, nikarudi kutoka pwani na kibanio cha kukaushia mimea kimejaa maua mazuri. Nikayapanga kwenye magazeti, nikayabadilisha magazeti kila asubuhi yasiote ukungu. Mzee aliyekuwa akinifundisha akafungua, akatazama, akauliza, "Tunda liko wapi?" Halikuwepo. Nilichuma mapema kwa sababu gari lilikuwa linaondoka. Msimu uliofuata nikarudi kulitafuta na sikupaona mahali penyewe. Kwenye lebo nilikuwa nimeandika, "Ufukweni, karibu na mti mkubwa." Mti gani? Mwandishi mwenyewe sikujua. Mzee hakunigombeza. Alinipa kalamu ya risasi na daftari dogo la mfukoni, basi.

Kwa hiyo wewe andika papo hapo, ungali umesimama penye mmea. Rangi ya petali andika, maana ikikauka haitabaki. Andika udongo, andika jirani zake, andika kama kuna kinyesi cha ndege. Na ikiwa mimea ni michache, chukua kitawi na picha, mama yao umwache.

Ukitoka hapo usikimbilie jina. Nenda ukalinganishe. Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea mikavu, ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi mwaka 1950. Mimea ya watu waliokufa zamani imo humo, na mwandiko wao ungali unasomeka. Kitabu kikubwa cha mimea ya kanda yetu, Flora of Tropical East Africa, kilianza kutoka kwa vipande mwaka 1952, kikakamilika 2012. Bernard Verdcourt, aliyeandika sehemu nyingi sana za kazi hiyo, alifariki 2011. Mwaka mmoja tu. Mimi nikifikiria hilo, haraka zangu zote za ujana hunichekesha.

Kueleza mmea kwenyewe ni kazi ya maneno makavu. Mzizi, shina, jani, ua, tunda, mbegu, kila kimoja na vipimo vyake, kidogo kabisa hadi kikubwa kabisa. Ukipima jani moja umepima jani, hujapima spishi. Kisha unachagua sampuli moja iwe ndiyo mama wa jina, unataja imehifadhiwa hebaria gani, na atakayebisha miaka mia ijayo aende akaitazame hiyohiyo. Zamani ilibidi maelezo yawe kwa Kilatini. Kuanzia 2012 Kiingereza kinakubaliwa. Sisi Kilatini kilitutoa jasho, ninyi mmesamehewa.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani nakufundisha uzembe; ukichelewa mno, mmea hutoweka. Nau inapenda udongo uliorutubishwa na ndege wa bahari. Panya walipoletwa na meli wakawamaliza ndege hao sehemu nyingi, mbolea ikakatika. Kondoo na ng'ombe wakala majani. Wakaja pia wadudu wa kabichi, kipepeo mweupe na vidukari, na ugonjwa wa kutu nyeupe, kwa sababu mdudu wa kabichi haulizi huyu ni ndugu wa mezani au wa mwambani. Leo sehemu kubwa ya mimea hiyo imebaki visiwani. Kuna spishi moja, Lepidium seditiosum, ambayo makao yake ni visiwa vya Bounty tu, majabali matupu yaliyojaa ngwini, albatrosi na sili. Visiwa hivyo viliitwa kwa jina la meli ya William Bligh, aliyeviona mwaka 1788, miezi michache kabla ya mabaharia wake kumwasi. Na jina la mmea linagusia maasi hayo. Wanasayansi nao wana utani wao.

Basi turudi kwenye huo mmea wako. Uliuona mwezi gani? Kama ulikuwa kwenye maua, hesabu wiki chache, urudi. Kibanio changu kipo stoo, mikanda yake imechakaa, nunua mipya. Magazeti ya zamani usinunue, ninayo tele chini ya kitanda.