Siha na Faragha

Hapa Ikonda, katika wilaya ya Makete, nchi iliyoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Juni na wa Julai sakitu huweza kuyaunguza majani ya viazi kwa usiku mmoja, asubuhi yakaonekana meusi kana kwamba moto umeyapitia, mtu akisema kuwa anatelemka Ziwa Nyasa, swali la kwanza analoulizwa si atakaa siku ngapi, bali ni ataleta nini. Swali hilo lina asili yake. Zama za mababu, Wakinga, waliokuwa mafundi wa kufua chuma, waliishuka milima ya Livingstone na majembe mabegani, wakaipanda tena na samaki na vyungu vilivyofinyangwa na Wakisi wa kandokando ya ziwa. Na mjukuu wao, ambaye leo ana duka Mbeya au Kariakoo, bado huipima safari kwa kile inachorudisha nyumbani. Ufuko ulikuwa soko. Kwenda kuketi mchangani, kuyatazama maji mpaka jua likachwa, kisha kurejea mikono mitupu, ni jambo ambalo hatukulitungia jina.

Nami mwaka huu napanga safari hiyo isiyo na jina. Shemeji yangu amenishawishi twende Matema, kule Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, mahali ambapo milima hii hii tunayoishi juu yake inaanguka wima hadi majini, tukae siku nne pasipo biashara yoyote. Nauli nimekwisha kuihesabu. Lililonikalia moyoni ni jingine: je, yafaa mtu aliye mzima kuondoka kwenda kutafuta raha, ilhali mlangoni pake pamejaa wagonjwa?

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Anayekaa Ikonda anakaa kivulini mwa Hospitali ya Consolata, iliyojengwa na mapadri wa shirika lenye jina hilo, ambao walifika upande wa Iringa mwaka 1919 baada ya vita vya kwanza vya dunia. Huijia watu kutoka Njombe, Mbeya, Iringa, Songea, hata Dar es Salaam, wakishuka kwenye mabasi wamejifunika mablanketi, wengine hawajapata kuijua baridi ya namna hii maishani mwao. Mwaka jana nilimwuguza mama yangu pale majuma kadhaa, nikajua jinsi usiku ulivyo mrefu kwa anayesubiri. Alfajiri nilikuwa nikiwakuta wauguzaji wenzangu wamekwisha kuamka, huyu anachemsha uji, yule anafua shuka, mwingine amesimama tu akiyaegemea makonde ya mikono yake ukutani, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe amelalaje, maana jawabu lilikuwa usoni. Mama alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mimi nilirudi nyumbani na uchovu ambao usingizi haukuuondoa, na kila nilipowaza juu ya maji ya ziwa, niliziona nyuso zile zikinitazama.

Nikautafuta mwongozo kwa waliotutangulia katika tafakuri. Katika hadithi za Mtume Muhammad imo moja iliyopokewa na Ibn Abbas, ya kwamba zipo neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, nazo ni siha na faragha. Mimi si Mwislamu, wala sijifanyi mjuzi wa elimu hiyo, lakini siku niliyoelezwa habari yake na rafiki yangu wa Tanga, nilinyamaza kwa muda mrefu. Kupunjika ni neno la sokoni: ni hali ya mtu aliyetoa mali yake bora kwa thamani duni, asitambue mpaka mnunuzi amekwenda zake. Basi kumbe hata katika mizani ya mfanyabiashara, ambayo sisi Wakinga tunaijua kuliko mizani nyingine zote, wakati ulio mtupu una bei, na anayeujaza shughuli kwa hofu ya kuonekana mvivu huenda ndiye aliyepata hasara. Aidha, inanishangaza jinsi neema hizo mbili zilivyofungwa pamoja. Hospitali yetu inaitafuta ya kwanza usiku na mchana. Ya pili nani anayeitafuta?

Torati nayo inalo la kusema, na hapa napenda kukawia. Amri ya kuiadhimisha Sabato imetolewa mara mbili, na sababu zake si moja. Katika kitabu cha Kutoka, mwanadamu aambiwa apumzike kwa kuwa Muumba alistarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati aambiwa akumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa Misri, kwa hiyo mtumwa wake na mjakazi wake wapate kupumzika kama yeye, na ng'ombe na punda vilevile. Sababu hii ya pili imenichoma. Maana raha ya ufukoni aghalabu hukaa juu ya mgongo wa mtu mwingine: yupo anayeamka kuwasha moto ili mgeni ale mbasa aliyekaangwa, yupo anayepiga kasia mtumbwini mgeni akiegama, na yupo aliyeachiwa nyumbani mzigo wote wa shamba. Pumziko linalomhamishia mwenzio uchovu wako, bila ya ujira wa haki wala shukrani, mimi siliiti pumziko.

Lakini aliyenituliza zaidi ni Marko, katika sura ya 6 ya Injili yake, anaposimulia jinsi mitume walivyorudi kutoka kazini wamechoka, watu wakija na kwenda hata wasipate nafasi ya kula, na Bwana akawataka waende faraghani wakapumzike kidogo. Wakapanda chombo, wakaelekea mahali pasipokuwa na watu. Ni safari ya ziwani iliyopangwa kwa ajili ya mapumziko, na iliharibika: watu waliwaona, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia kufika, na Yesu aliposhuka akawahurumia, akaanza kufundisha. Wengi huisoma habari hii kama hoja dhidi ya mapumziko. Mimi naisoma kinyume chake. Wagonjwa walikuwapo wakati alipotoa wito ule, naye aliwajua, wala hakungoja waishe ndipo awapumzishe wanafunzi wake; kwani wahitaji hawaishi. Na huruma ilipomtaka asimame, alisimama yeye. Mtu aweza basi kupanga pumziko lake kwa moyo mweupe, na akawa tayari kulivunja kwa moyo huo huo.

Baada ya hayo niligundua kwamba kilichonizuia hakikuwa huruma peke yake. Ilikuwamo ghururi ndani yake: nilidhani kwamba nikiondoka siku nne, kitu kitaanguka. Nani atamkama ng'ombe? Nani atamkumbusha mama dawa zake za jioni? Nilipomweleza mama, aliyekuwa akimenya viazi karibu na moto, hakuinua macho. "Mwanangu," alisema, "mimi sipumui kwa pua yako." Maneno yale yalinitoa jasho katika baridi ya Makete. Kukabidhi ni kazi ngumu kuliko kulima, kwa sababu anayekabidhi anakiri kwamba riziki, afya na uhai wa awapendao havikuwa mkononi mwake hata alipokuwapo. Na imani ambayo nimeikiri kanisani tangu utoto ilikuwa ikiningoja nyumbani, kwenye zizi.

Tutaondoka mwezi wa Agosti, Mungu akijalia. Tutapita Makete mjini na kuivuka nyanda ya Kitulo, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, ingawa maua yake huchanua masika na sisi tutaikuta na nyasi kavu. Tutashukia Isyonje, Tukuyu, mashamba ya mpunga ya Kyela, hadi Matema. Jana nilimpeleka kijana wa jirani zizini, tukapatana ujira wake, nikamwonyesha jinsi ng'ombe yule anavyopenda kushikwa. Alikama vizuri kuliko mimi. Nikakaa juu ya gogo, nikamtazama.