Siku ishirini na nane

Sista alimuuliza mke wangu alianza kliniki mimba ikiwa ya miezi mingapi. Minne, akajibu. Sista akaandika. Akauliza tena alikuwa anakula nini, kama alimeza vidonge vya kuongeza damu, kama aliwahi kunywa dawa za kienyeji. Mtoto wetu wa siku tatu alikuwa amelazwa kifudifudi, bandeji imefunika uvimbe mgongoni. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika kadi. Mimi sikuulizwa chochote. Na ndiye ninayesaga unga wa kijiji kizima.

Wiki zile za wodini nilijifunza mengi kuhusu mgongo wazi. Uti wa mgongo huanza kama utando bapa unaojikunja na kuwa mrija, na mrija huo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Foliki asidi, ambayo ni vitamini ya kundi B, husaidia ufungike. Mwanamke anashauriwa apate mikrogramu 400 kila siku, akianza kabla hajashika mimba. Sasa hesabu hizo siku. Siku ya 28 wanawake wengi wanajiuliza tu mbona wamepitiliza wiki mbili. Mke wangu hata angekimbilia kliniki asubuhi hiyo, vidonge vingemfaa kwa damu, lakini kwa mgongo wa mtoto saa ilikuwa imepita.

Basi lile swali la miezi minne lilikuwa la nini? Sista hakuwa na nia mbaya, nadhani fomu ndiyo iliyotaka. Lakini nilimwona mke wangu akiinamisha kichwa, na tangu siku hiyo amekuwa akijihesabia: mchicha aliouacha kwa kichefuchefu, maharage aliyowapikia wengine. Mama yangu naye alikuwa ameshasema ni mkosi wa ukoo wa kina mke wangu. Nilipomweleza habari za vitamini alitulia, akafikiri, akasema: “Kumbe hakula vizuri.” Nilikuwa nimembadilishia shtaka tu. Mshtakiwa ni yule yule.

Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi 7, kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hili au linalofanana nalo. Foliki asidi kabla ya mimba ilipunguza hatari ya kujirudia kwa asilimia 72. Nilishukuru kuisoma ile namba, kisha ikanitesa. Asilimia 72 ni habari ya wanawake wengi wakiwekwa pamoja. Haimjui mke wangu. Hakuna anayeweza kumwambia kama yeye angekuwa katika wale 72 au katika waliobaki. Anayesema “lingezuilika” anasema kweli kuhusu kundi, na anamwonea mtu mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia mashine yangu. Viwanda vikubwa vya unga wa ngano nchini Tanzania vinatakiwa kuongeza virutubishi, foliki asidi ikiwemo. Lakini ugali wetu hautoki huko. Mtu anakuja na debe lake la mahindi, nayakoboa mpaka yang'ae, kiini na pumba vinabaki kwangu kuwa chakula cha ng'ombe, naye anaondoka na sembe jeupe. Vipo vifaa vya kufunga kwenye mashine ndogo kama yangu, vinavyodondosha virutubishi kidogo kidogo wakati wa kusaga. Nimekiagiza kimoja.

Sasa nina swali jingine, nalo gumu zaidi. Bibi wa miaka 70 anayekuja kila Jumamosi hatazaa tena. Nina haki gani ya kumtilia kitu katika unga wake? Daktari aliniambia foliki asidi ikizidi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12 kwa wazee, ingawa kiasi kinachowekwa kwenye unga ni kidogo. Kwa upande mwingine, sote tunakula chumvi yenye madini joto kwa sababu ya rovu, na hakuna aliyetupigisha kura. Nikimsubiri kila msichana aje kuniomba, atakuja akiwa na mimba, na siku 28 zimekwisha.

Nimeamua kuwaambia wote na kuandika mlangoni. Asiyetaka namsagia bila kuchanganya. Wateja wawili wamehamia mashine ya jirani. Mmoja anasema ni dawa ya kuzuia uzazi.

Jana mke wangu alikuja na ndoo yake, mtoto mgongoni, miguu yake midogo imetulia ndani ya kanga. Alikitazama kile kifaa kwa muda mrefu.

“Ungekuwa umekifunga mwaka juzi,” akauliza, “angetembea?”

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Niliizima ili nimjibu.