Nyumba na Nasaba



Huenda ukastaajabu kumwona mzee aliyezoea kukuandikia juu ya haki za wazazi na jirani, leo anakuandikia juu ya sinema ya katuni kutoka Japani. Wajukuu zangu walikuwa wakiitazama baada ya sala ya Isha, nami nimekaa pembeni na tasbihi yangu, nikingoja wakati wa kuwaambia wazime wakalale. Sikuwaambia. Niliitazama mpaka mwisho, na usiku ule usingizi ulinikataa. Nataka nikueleze kwa nini, kwani mtu aliyepotelewa na kitu chake haoni haya kukiokota hata katika njia ya watu wengine.

Sinema hiyo ilitoka mwaka 2011. Kwao huitwa Kokuriko-zaka Kara, na nje ya Japani imejulikana kwa jina la From Up on Poppy Hill. Aliyeiongoza ni Goro Miyazaki, na mmoja wa wawili walioandika kisa chake kwa ajili ya sinema ni baba yake, Hayao Miyazaki. Baba ameandika, mwana ametengeneza, na kisa chenyewe ni cha vijana wawili wanaotafuta walichoachiwa na baba zao.

Mahali ni Yokohama, mji wa bandari, na mwaka ni 1963. Japani ilishindwa vitani mwaka 1945, miji yake mingi ikateketea kwa mabomu. Sasa imesimama tena, na inajiandaa kupokea wageni wa dunia nzima katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964. Kila upande watu wanabomoa na kujenga. Cha zamani kinaonekana ni aibu mbele ya wageni, kwa sababu kinakumbusha njaa na kushindwa.

Katika mji huo yumo msichana wa shule, jina lake Umi. Kila asubuhi, kabla ya kuwapikia wapangaji wa nyumba ya bibi yake, hutweka bendera mbili za mabaharia, ambazo maana yake ni kuziombea salama meli zinazopita. Baba yake alikuwa nahodha. Meli yake iligonga bomu la baharini katika vita vya Korea, vita vya mwaka 1950 hadi 1953, na yeye hakurudi. Mtoto anajua kuwa baba amekufa, lakini bendera anaitweka. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa jambo hilo. Asiyeonekana na Umi ni kijana aitwaye Shun, ambaye kila siku, kutoka katika boti ya baba yake ya kuvutia meli, huzijibu bendera zile.

Shuleni kwao pana jumba kuukuu ambalo wanafunzi wavulana hukutana humo kwa vyama vyao: wa falsafa, wa nyota, wa mambo ya kale, wa gazeti. Wakubwa wa shule wanataka kulivunja wajenge jipya, na wanafunzi wengi wameridhia. Shun anasimama mkutanoni kulitetea. Hoja yake ni kwamba mwenye kutupa cha kale ametupa kumbukumbu za watu walioishi na kufa kabla yake, na wenye kukimbilia mapya tu hawana mbele ya kwendea.

Hapa, msomaji wangu, tusimame kidogo, tusikubali upesi kwa kuwa maneno ni matamu. Je, kila cha kale kinastahili kutunzwa? Dini yetu imewalaumu waliokataa haki kwa hoja ya kwamba hivyo ndivyo walivyowakuta baba zao. Ziko mila za kale zilizo dhulma, na kuta za kale zilizo hatari kwa wapitao chini yake. Basi ukale peke yake si hoja. Tena wakubwa wale hawakuwa maadui wa wanafunzi. Walitaka kuwapa jengo zuri zaidi. Mwenye kutetea urithi sharti alete jawabu, wala asitosheke na machozi.

Jawabu katika kisa hiki alilileta Umi, na hakulileta kwa khutuba. Alisema tu kwamba jumba lisafishwe. Wale wavulana walidai kulipenda, ilhali wameliacha likajaa vumbi, takataka na makaratasi ya miaka na miaka. Mapenzi yao yalikuwa ya mdomoni. Wasichana wakaja na mifagio na ndoo, wavulana wakaona haya, wakaingia kazini pamoja. Wakasugua, wakapaka rangi, wakatengeneza vilivyovunjika.

Nataka uangalie kazi ya ufagio. Ufagio hautunzi kila kitu. Ufagio hupambanua: kilichooza hutolewa nje, kilicho kizima hujitokeza kikang'aa. Mpaka umefagia, hujui umerithi nini. Ndiyo maana mwenye kiti wa shule, tajiri wa Tokyo aitwaye Tokumaru, alipoombwa na vijana wale aje kwa macho yake, na akaja, aliona kitu ambacho kwenye karatasi za ofisini hakikuonekana. Akaamua jumba libaki na jipya lijengwe kwingine.

Lakini lililonikosesha usingizi si jumba. Ni nasaba.

Shun alikwenda nyumbani kwa Umi akaonyeshwa picha ya mabaharia watatu, mmoja wao ni baba yake Umi, Sawamura. Rangi ikambadilika, kwani picha hiyo hiyo anayo yeye kwao. Shun alikuwa mtoto wa kulelewa, na katika daftari la serikali baba yake mzazi ameandikwa kuwa ni Sawamura huyo. Basi msichana ambaye moyo wake umemwelekea ni dada yake!

Siyasifu yote ya vijana wale. Desturi zao za kukaa pamoja si zetu. Lakini haki isemwe. Shun hakuificha khabari ile ili astarehe na moyo wake. Alimwambia Umi, na akasema kwamba wao sasa ni marafiki tu. Mapenzi hayakutoka moyoni, na mbele ya mwisho walikiri kuwa hayajatoka. Hata hivyo mpaka hawakuuvuka. Ni wangapi leo, wenye elimu na ndevu, wangeliweza kusema neno ambalo litawanyang'anya wakipendacho?

Kisha kweli ikatoka. Mzazi wa Shun ni Tachibana, baharia wa pili katika picha, aliyekufa katika ajali ya meli iliyokuwa ikiwarudisha watu makwao baada ya vita. Mama wa mtoto alifariki katika uzazi, na jamaa zake walikwisha kwa bomu la Nagasaki, la Agosti 1945. Sawamura akamchukua mtoto wa rafiki yake asipotee katika nyumba ya mayatima, akamwandikisha kuwa ni wake, kisha akampa mume na mke waliokuwa wamefiwa na mtoto wao mchanga.

Tuseme nini juu ya Sawamura? Wema wake ni mkubwa, na sisi tunajua daraja ya mwenye kumlea yatima. Lakini wema ule uliandikwa kwa jina lisilo lake, ukakaa kama shimo lililofunikwa jamvi, na waliokaribia kutumbukia ni watoto wasio na kosa. Hapa ndipo hekima ya sharia inapodhihiri. Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, akapendwa mno, na watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Ikaja amri katika Surat al-Ahzab kwamba waitwe kwa baba zao. Mapenzi hayakukatazwa, malezi hayakukatazwa. Kilichokatazwa ni kufuta jina la baba. Huruma isiyo na kweli humhifadhi mtoto leo ikamwachia hatari ya kesho.

Na kweli ile ilitoka kwa nani? Haikutoka daftarini, kwani daftari ndilo lililosema uwongo. Ilitoka kwa Onodera, baharia wa tatu, ambaye peke yake katika wale watatu alikuwa hai. Meli yake ilikuwa bandarini, karibu kuondoka. Vijana wakakimbia wakamdiriki. Na boti iliyowafikisha ni ya yule yule baba mlezi! Alimpeleka mwenyewe kwenye kweli, wala hakupungukiwa na kitu.

Sasa nitakwambia lililoniweka macho. Yuko kijana mmoja ninayemjua, aliyelelewa na watu wema tangu uchanga, naye hajui kuwa si wazazi wake. Marehemu mlezi wake aliniomba nisiseme, nami nilinyamaza kwa miaka, nikajiambia kuwa ninatunza siri. Usiku ule nilijiona ni Onodera ambaye meli yake imekwisha pakia. Mimi nikiondoka, nani atajua? Na kijana amefika umri wa kuoa.

Asubuhi nilikwenda kwa mama mlezi. Alilia. Alisema, "Sheikh, ataacha kuniita mama." Nikamwambia, "Bibi, hakuna amri ya kuacha kukupenda. Akilisikia kwako litakuwa ni malezi. Akilisikia barazani kwa watu litakuwa ni jeraha." Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akaniomba niwepo siku atakapomwambia. Nilimwahidi, na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu tukakaa pamoja siku hiyo. Kijana aliinama muda mrefu, hakusema neno. Halafu akauliza jina la baba yake, na alipotajiwa akalirudia mara mbili. Alipoinuka kuondoka, alimbusu mama yule mkono.

Msomaji wangu, urithi wetu si majumba ya mawe na milango ya nakshi tu. Ni hayo, na ni majina ya watu pia. Yote mawili ni amana kutoka kwa wasioweza tena kujisemea, na yote mawili huingia vumbi: moja vumbi la uvivu, jingine vumbi la uwongo, hata ule uliosemwa kwa huruma. Usiseme unaupenda urithi wa wazee wako ilhali hujaufagia. Na wewe uliye mzee mwenzangu, ambaye watatu katika picha yako wamebaki mmoja, usingoje kuulizwa. Mwenye haki ya kuijua khabari ile mwite umweleze, kwa upole na mbele ya wanaompenda, kabla nanga haijang'olewa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika huruma yetu, na wenye huruma katika ukweli wetu. Amin.